Vyumba Vinane, Bajeti ya Saba

Tarehe tano ya kila mwezi mimi huwa watu wawili. Asubuhi ni mpangaji: natuma kodi kwa landilodi wangu hapa Kahawa West, kwa sababu ikifika saa sita mchana bila meseji, keateka atapanda ngazi kuja kuniuliza kama niko salama. Jioni ni landilodi. Nakaa na simu nikisubiri M-Pesa kutoka Ruring'u, Nyeri, huku nikiweka alama kwenye daftari. Namba Moja amelipa. Namba Mbili amelipa nusu. Namba Tatu anasema kesho, na kesho ya Namba Tatu naijua.

Ploti si yangu, ni ya mama. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mwaka 2009 akaanza kujenga kwa mikopo ya Sacco: vyumba viwili, anapumzika hadi mkopo uishe, halafu viwili tena. Alipostaafu 2016 vilikuwa sita. Leo ni vinane, vinne vikitazamana na vinne, katikati kijia cha saruji na kamba za nguo, vyoo na mabafu kule mwisho. Kila chumba ni 3,500 kwa mwezi. Mwaka 2023 sukari ilipoanza kumsumbua macho alinipa daftari na laini ya simu ya ploti, akasema, "Shika. Mimi sioni tena hizi namba." Wapangaji wote humwita Mwalimu. Mimi wananiita mtoto wa Mwalimu, na nina miaka thelathini na mbili.

Najua ninaandikia nani. Wengi wetu tunaosoma hapa ni wapangaji, na kila mtu ana hadithi ya dipoziti iliyoliwa kwa jina la rangi. Mimi pia ninayo. Kwa hivyo sijaja kumtetea landilodi. Nataka tu kuyaweka mezani maswali ambayo mtu mwenye vyumba vinane hujiuliza usiku, maana hayafanani na yale tunayodhani anajiuliza.

La kwanza ni la hesabu. Vyumba vinane mara 3,500 ni 28,000. Ukiisikia hiyo, unaona mtu amekaa tu anapokea. Sasa anza kutoa. Maji 3,400, kwa sababu mita ya NYEWASCO ni moja na bili iko ndani ya kodi. Taa za nje na za vyooni, 600. Takataka, 800. Kijana anayefagia, anayefunga geti usiku na kunipigia simu bomba likipasuka, 2,500. Mkopo wa vile vyumba viwili vya mwisho, 7,000. Ushuru, 2,100. Zinabaki 11,600. Dawa za mama za sukari na presha ni 4,300 kila mwezi. Pensheni ipo, nayo ina kazi zake. Na hapo shimo la choo bado halijajaa, upepo haujang'oa bati, na hakuna aliyekosa kulipa.

Nairobi landilodi ni namba ya Paybill. Nyeri, na hata Karatina, Kerugoya au Chuka, wenye nyumba wengi ninaowajua ni kama mama: mwalimu mstaafu, nesi mstaafu, mjane aliyeuza ng'ombe akamwaga msingi. Wako naye kwenye chama. Wanakutana Jumamosi ya pili ya mwezi, wanakunywa chai, wanachangia, halafu ile mikutano inageuka kuwa darasa la mambo ya ploti. Nimekaa kwenye hayo mazungumzo nikiwa mtoto wa kupeleka chai, na sasa nakaa kama mwenzao. Maswali ni yale yale.

Stima, kwa mfano. Miaka mingi ploti yetu ilikuwa na mita moja, tokeni ananunua mama, na pesa ya stima imewekwa ndani ya kodi. Mpango huo ulikwenda vizuri hadi Namba Nne wa wakati huo aliponunua koili ya kupikia. Kila Jumapili alichemsha githeri. Si githeri ya kupasha, ni githeri ya kuanzia mahindi makavu, ile ya saa tatu au nne motoni. Tokeni za wiki ziliisha Jumatatu. Julai, wakati Nyeri inaweza kukaa siku nyingi bila kuona jua, watu wengine nao wakaleta koili za kuogea na za kupasha chumba moto. Ikawa kila mtu anamshuku mwenzake, na wale waliokuwa na balbu moja na redio wakawa ndio wanaolipia githeri ya wengine.

Kwenye chama waligawanyika. Kuna waliosema piga marufuku koili. Kuna waliosema ongeza kila mtu mia tatu. Mama aliita mkutano pale kwenye kijia, watu wamesimama na ndoo zao, akauliza swali moja la kimwalimu: "Nani yuko tayari kulipia chakula cha jirani?" Hakuna aliyeinua mkono, hata Namba Nne. Tukaweka mita ndogo kila mlango, kila mtu ananunua tokeni zake. Zilitugharimu, lakini tangu siku hiyo sijawahi kupigiwa simu kuhusu githeri. Ukichunguza ugomvi mwingi wa ploti utakuta si tabia mbaya ya mtu. Ni bili moja iliyoachiwa watu wanane waigawane kwa macho.

Halafu kuna kodi ya kodi. Kiswahili kimetucheza hapo: anachotoa mpangaji ni kodi, na anachotoa mwenye nyumba kwa serikali pia ni kodi. Mwaka 2016 KRA ilipoanza kutoza mapato ya nyumba za kuishi kwa mpango mpya, asilimia 10 ya kodi yote unayopokea kabla ya kutoa gharama yoyote, wanachama wa mama walidhani ni uvumi. Wakati huo ilianzia kwa anayepata 144,000 kwa mwaka. Baadaye kiwango cha chini kikapandishwa hadi 288,000, na kuanzia Januari 2024 asilimia ikashuka hadi 7.5. Sisi tukijaa tunapata 336,000 kwa mwaka, kwa hivyo tumo. Kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi natangaza nilichopokea mwezi uliopita na kulipa. Ukibadilisha paa zima mwezi huo, hesabu haibadiliki. Inatazama kilichoingia tu.

"Lazima?" Hilo ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Wapo wanaosema vyumba vya nyuma ya nyumba nani atajua. Mimi nilimwambia mama tulipe, na sababu yangu haikuwa uzalendo. Ploti ndogo haina mlinzi mwingine isipokuwa karatasi. Siku mpangaji atakaponipeleka mbele ya afisa, au mimi kumpeleka, nitahitaji daftari ambalo naweza kulifungua ukurasa wowote. Nikimficha serikali kodi ninayopokea, nitawezaje kwenda kuiambia serikali hiyo hiyo kwamba kuna kodi sijapokea?

Maswali mengine yanategemea mji. Rafiki mmoja wa mama ana maduka mawili Karatina, karibu na soko. Kwake sheria ni nyingine kabisa: Sura ya 301, ya tangu 1965, inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kama hamna mkataba wa maandishi, au mkataba ni wa miaka mitano kushuka chini, huwezi kumtoa mwenye duka wala kubadilisha masharti bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga mnaenda kwenye jopo. Aligundua hayo alipotaka kupandisha kodi kwa kutuma meseji. Walio karibu na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, barabara ya kwenda Mweiga, wasiwasi wao ni likizo: mwanafunzi analipa akiwa darasani, akienda nyumbani anataka kuacha kitanda na godoro bila kulipa. Baadhi yao huchukua nusu kodi ya likizo na kuliandika hilo mapema. Nanyuki, wanaopangisha kwa usiku mmoja mmoja, shida zao ni taulo.

Nani umkatalie? Hapa chama huwa na orodha ndefu. Usimpe polisi, hutamtoa. Usimpe wakili, atakutoa wewe. Usiweke vijana watatu chumba kimoja. Usichukue mama mwenye watoto wengi, maji yataisha. Usichukue mtu ambaye hamjui kwao. Wanacheka wakisema, lakini wanafuata. Mimi nimekaa upande ule mwingine wa orodha. Nikitafuta nyumba Nairobi nimeulizwa kama nimeoa, kisha nikaulizwa jina langu la mwisho, na nikaona uso ukibadilika. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, haikatazi serikali peke yake kubagua watu kwa kabila au kwa hali ya ndoa. Inamkataza mtu yeyote. Kwa hivyo orodha yetu ya Ruring'u ni fupi: unafanya kazi gani, mtaishi wangapi, nani nimpigie ukiugua. Hilo la tatu limenisaidia kuliko dipoziti.

Dipoziti yenyewe ni ya mwezi mmoja, na kila mtu anajua inavyokwisha. Mwezi wa mwisho mpangaji halipi, anasema, "Si uko na dipoziti?" Landilodi naye, akijua hivyo, anatafuta ukuta wa kulalamikia mapema. Sisi huingia chumbani pamoja siku ya kwanza, napiga picha kuta, kitasa, soketi na dirisha, namtumia kwa WhatsApp. Akitoka tunazifungua zile picha. Kuta zinachafuka zikiishiwa. Hiyo ni rangi yangu. Mlango uliopigwa teke ni wake. Hakuna haja ya kupiga kelele.

Nimepita haya yote haraka kwa sababu yana majibu. Lililobaki ndilo linalotukosesha usingizi: mtu asipolipa, na sababu yake ni ya kweli, unafanya nini?

Mwaka 2024 Namba Sita alikuwa mama mmoja mwenye watoto wawili. Alikuwa ameishi kwetu miaka minne na hakuwahi kuvuka tarehe saba. Aliuza nguo za mtumba za watoto mjini. Februari mtoto mdogo alilazwa wiki mbili, akauza stoki yote kulipa bili, na baada ya hapo hakuwa na cha kuuza. Februari hakulipa, Machi hakulipa. Alikuwa akimwita mama nje na kumweleza, amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini. Kufikia mwisho wa Mei deni lilikuwa 14,000. Zile 11,600 zinazobaki kila mwezi zilikuwa zimeshuka hadi karibu 8,000, na mama alikuwa ameanza kunywa dawa moja ya presha kwa siku badala ya mbili bila kuniambia. Niligundua kwa kuhesabu vidonge.

Mjomba alikuja Jumapili moja. Yeye ana vyumba kumi na viwili na hana mchezo. "Weka kufuli," alisema. "Siku moja tu. Akilala nje usiku mmoja, pesa itatoka. Hizi pesa huwa ziko." Jirani yetu wa nyuma alikuwa na njia yake: anang'oa mlango, anaupeleka kwake, anasema unarekebishwa. Mwingine hutoa bati moja juu ya kitanda mvua ya Aprili ikikaribia. Kila mtu anajua hizi njia, na kila mtu ana mfano wa mahali zilipofanya kazi.

Sheria haizijui. Kuna sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ambayo inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hiyo inasema huwezi kumtoa mtu bila amri ya jopo, na ukimkatia huduma au kumsumbua makusudi ili ahame, wewe ndiye mwenye kosa. Kiwango hicho cha 2,500 ni cha enzi za 1981, ndiyo maana leo nyumba nyingi zimekivuka, chumba chetu kikiwemo. Lakini kuvuka 2,500 hakukupi kufuli. Kunakuhamisha tu kutoka kwenye jopo hadi mahakama ya kawaida. Ukitaka kushika mali ya mpangaji kwa ajili ya deni, Sura ya 293 inakuruhusu, kupitia dalali mwenye leseni. Na Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema anayelipa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua mwezi.

Nilimpigia dalali mmoja nikauliza bei. Kisha nikapiga hesabu ya vitu vya Namba Sita, vile ambavyo ungeviona mlango ukiwa wazi: mtungi wa gesi, televisheni ndogo, kochi la watu wawili. Dalali hulipwa kwanza. Baada yake tungebaki na kochi.

Kwa hivyo tulikuwa watatu mezani, mimi, mama na mjomba, na mjomba akarudia habari ya kufuli. Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho. Alisema, "Baba alitolewa hivyo."

Mimi habari hiyo nilikuwa nikiijua nusu. Babu na shosho walikuwa ahoi huko Tetu. Kwa wasiojua: muhoi alikuwa mtu aliyeomba shamba kwa ukoo mwingine, akapewa pa kulima na kujenga. Hakulipa kodi. Alileta pombe kwenye sherehe, alisaidia kazi, alimheshimu mwenye ardhi, na angeweza kukaa hapo miaka mpaka watoto wake wakaota meno wakidhani ni kwao. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952. Mwaka 1954 watu wa Nyeri na Mkoa wa Kati wote wa Wakikuyu walikuwa wakisukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikaleta Mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi viunganishwe, vipimwe, viandikwe jina la mwenyewe. Jina lililoandikwa lilikuwa la mwenye ukoo. Muhoi hakuwa na jina. Babu alitoka kizuizini akakuta lile shamba ni sehemu ya shamba moja kubwa lenye ua. Aliambiwa kwa mdomo, njiani. Mama alizaliwa 1956 kwenye kijiji kile cha mitaro, na wengi waliokosa ardhi walibaki humo humo hata baada ya mitaro kufukiwa. Vijiji hivyo bado vipo, ukipita Nyeri utaviona: nyumba zimebanana katikati ya mashamba mapana ya watu wengine.

Mjomba anaijua hadithi hiyo kuliko mimi; ni baba yake pia. Alisema, "Na ndiyo sababu mimi sitaki kupoteza hata shilingi ya ploti yangu." Nikaona kwamba kutoka shamba lile lile watoto wawili walibeba mafunzo mawili, na yote mawili yana akili.

Mama akasema, "Sisi tulitolewa bila karatasi. Huyu tutampa karatasi."

Usidhani alimaanisha tumsamehe. Mama si mtu wa hivyo; amefundisha darasa la watoto hamsini na wanane. Juni tuliandika makubaliano, kurasa mbili za daftari, nakala moja yake na moja yetu: kodi ya mwezi 3,500 na 1,500 za kupunguza deni. Akikosa miezi miwili ya mpango huo, notisi ya mwezi mmoja. Niliyasoma kwa sauti, Namba Sita akanirekebisha mahali nilipoandika tarehe ya Februari vibaya kwa faida yetu, na akatia sahihi. Juni alileta 5,000 kamili. Deni likawa 12,500. Julai alileta 2,000, akasema amepata kibarua cha kuchuma kahawa lakini kimeisha. Deni likarudi 14,000. Agosti mosi nilisafiri nikampelekea notisi mkononi. Aliisoma imesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akauliza kama anaweza kuacha meza hapo hadi apate gari.

Aliondoka tarehe thelathini, mchana, kwa mkokoteni, majirani wakibeba. Hajalipa Agosti. Tukikata dipoziti, deni lilibaki 14,000, lile lile la Mei. Alipata chumba cha mabati upande wa Kiawara, cha bei ya chini, na watoto hawakubadilisha shule. Mama alipiga mstari mwekundu kwenye ukurasa wake wa daftari na kuandika pembeni, kwa yale macho yake, "imekwisha." Sikumuuliza alimaanisha nini.

Mjomba hadi leo anasema kufuli lingeokoa miezi sita. Pengine lingeleta elfu nne, tano, zilizokopwa kwa jirani. Hata hivyo hoja yake si ya kijinga, na niliibeba nikarudi nayo Nairobi. Mama alikuwa amepunguza dawa. Huruma yake kwa Namba Sita ililipiwa na mwili wake, na hakuna sheria wala karatasi iliyoandika hilo. Kama tungeendelea vile, siku moja mimi mwenyewe ningenunua kufuli, si kwa ubaya, kwa hofu tu. Nadhani kufuli nyingi hununuliwa hivyo. Mwenye vyumba mia akikosewa na mmoja, amekosa asilimia moja. Mwenye vinane amekosa zaidi ya asilimia kumi na mbili, na akiwa ameishi kwa kuhesabu vyote vinane, kila deni linamgusa tumboni siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo Septemba tulibadilisha hesabu. Tuna vyumba vinane lakini bajeti yetu ina saba. Kodi ya chumba kimoja, 3,500, inatoka kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote na kuingia kwenye akaunti yake kwenye Sacco. Tunaita akaunti ya Namba Tisa, chumba ambacho hakipo. Ili kufika hapo tulizungumza na chama, mkopo ukasukumwa mbele, 5,000 kwa mwezi badala ya 7,000. Dawa za mama zinatoka juu, pamoja na ushuru na maji; si kitu cha kununuliwa na kinachobaki. Kila chumba kikijaa, Namba Tisa hupata 42,000 kwa mwaka. Hizo ni kodi za miezi kumi na miwili za mtu mmoja asiyelipa, au za watu watatu wanaokwama miezi minne minne. Au lori moja la maji taka, mabati kadhaa na mtu mmoja na nusu.

Mwaka uliofuata Namba Mbili alipoteza kazi ya hotelini. Alinipigia tarehe tatu, kabla hata sijaanza kuangalia simu. Nilimwambia ana miezi miwili, tutaandika. Niliweza kusema hivyo kwa sauti ya kawaida kwa sababu nilikuwa nimeshaiona hiyo miezi miwili kwenye akaunti. Pesa ya subira ilikuwa imewekwa kabla ya anayeihitaji kujulikana. Alirudi kazini mwezi wa tatu na sasa anamalizia deni kwa 500.

Na kuna mwingine, sitataja namba, aliyekuwa na kazi, na pikipiki mpya, na akanyamaza miezi miwili. Huyo alipata notisi mwezi wa pili, bila mkutano wala viazi. Namba Tisa si ya kila mtu. Kwenye karatasi ya kuingia sasa tumeongeza mstari mmoja kwa Kiswahili rahisi: ukiniambia kabla ya tarehe tano, tutaongea, ukinyamaza, notisi itaongea.

Kwenye chama wamelijadili hilo. Wawili wamefuata, na mmoja amesema ni anasa ya watu wenye watoto Nairobi. Anaweza kuwa na haki. Yeye ana vyumba vinne, na bajeti ya tatu ingemwacha bila unga. Kwake tunafikiria akaunti ya pamoja, kila mwenye ploti aweke kidogo, akikwama mmoja tumshike. Mama ameombwa awe mweka hazina. Amekubali kwa sharti kwamba mimi ndiye nisome namba.

Mwezi huu vyumba saba vimelipa. Namba Tatu anasema kesho.